Shingo Chini ya Mzigo: Historia ya Maumivu na Tiba katika Miinuko ya Magharibi ya Nairobi

Kukakamaa kwa shingo ni miongoni mwa maumivu ambayo jamii huyahesabu kuwa madogo, kwa sababu aghalabu huanza asubuhi bila ajali wala homa, humzuia mtu kugeuza kichwa kwa siku chache, kisha huondoka bila kuacha alama inayoonekana. Ndiyo maana maumivu haya hayakupewa nafasi katika historia za Nairobi, ambazo zimeeleza kwa kirefu habari za tauni na malaria, lakini zikakaa kimya kuhusu kiungo kilichobeba chakula, kuni, maji na risasi za eneo hilo tangu kabla ya reli kufika. Eneo ambalo leo linaitwa Spring Valley, pamoja na majirani zake Kabete, Loresho, Kitisuru na Westlands, lina kumbukumbu za kutosha kuhusu kazi ya kubeba kiasi cha kuwezesha historia ya namna hiyo kuandikwa. Kumbukumbu hizo zinaonyesha jambo moja kwa uwazi, nalo ni kwamba shingo ya mbebaji ilistahimili mizigo mizito sana pale ambapo mbebaji mwenyewe alikuwa na sauti juu ya uzito na mwendo, na kwamba iliumia zaidi kila mara uamuzi huo ulipohamia mikononi mwa mtu mwingine.

Maradhi na aina zake

Shingo ina pingili saba, yaani mifupa midogo ya uti wa mgongo iliyopangana moja juu ya nyingine, na juu ya pingili hizo hukaa kichwa ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kichwa hicho hushikiliwa na misuli mingi, ambayo baadhi yake huonekana wazi chini ya ngozi: upo msuli mrefu unaoanzia nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari, upo ule mpana unaotanda kutoka kisogoni hadi mabegani, na upo mwembamba unaounganisha pingili za juu na mfupa wa bega. Msuli mmoja kati ya hiyo unapokaza ghafla na kukataa kulegea, kichwa huelemea upande mmoja, na kila jaribio la kukinyoosha huleta maumivu makali. Hii ndiyo aina ya kawaida zaidi ya shingo iliyopinda, na husababishwa na kulala vibaya, kurudiarudia kazi ile ile kwa saa nyingi, au kukaa muda mrefu katika hali moja. Kwa wagonjwa wengi hupungua yenyewe katika siku chache, au katika wiki moja hadi mbili.

Zipo aina nyingine ambazo zinafanana na hiyo kwa sura tu. Baadhi ya watoto huzaliwa na msuli mfupi wa upande mmoja wa shingo, pengine ukiwa na uvimbe mdogo, na wengi wao hupona kwa mazoezi ya kunyoosha shingo taratibu yakianzishwa katika miezi ya mwanzo ya maisha. Distonia ya shingo ni ugonjwa wa ubongo ambao huiamuru misuli kukaza bila hiari ya mwenyewe na kukipinda kichwa kwa miezi na miaka, na jina la distonia lilianza kutumiwa mwaka 1911 na daktari Hermann Oppenheim wa Berlin. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili na za kuzuia kutapika huweza pia kuvuta shingo upande mmoja ndani ya saa au siku chache baada ya kumezwa, na hali hiyo hutulizwa kwa dawa nyingine hospitalini. Aina inayotisha kuliko zote ni ukakamavu wa shingo unaokuja na homa kali, kuumwa kichwa na kuchukia mwanga, kwa kuwa hizo ni dalili za homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao Nairobi iliujua katika miaka ya 1910 ulipozuka miongoni mwa wakazi wake. Katika karne nzima iliyofuata, wagonjwa wa makundi haya tofauti waliweza kuambiwa jambo moja tu, kwamba wamelala vibaya au wamepigwa na baridi, na kutotenganisha huko kungeweza kugharimu maisha.

Mukwa wa Kabete

Kabla ya mwaka 1900 miinuko iliyo kaskazini-magharibi mwa Nairobi ya leo ilikuwa makazi na mashamba ya Wakikuyu, na mabonde yake yenye chemchemi na vijito yalilazimu kila familia kupanda na kushuka mteremko kila siku kwa ajili ya maji. Habari za maisha hayo zimehifadhiwa kwa upana wa kipekee, kwa sababu mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyezaliwa katika misheni ya Kabete mwaka 1903, alikusanya maelezo ya wazee wa eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuyaandika katika kitabu cha majuzuu matatu kuhusu Wakikuyu wa kusini, ambacho kilichapishwa mwaka 1977 baada ya kifo chake. Kazi ya kubeba kuni, maji, nyasi za kuezekea na mavuno iliwaangukia wanawake kwa sehemu kubwa, na chombo chao kikuu kilikuwa mukwa, yaani ukanda wa ngozi unaozungushwa kwenye mzigo uliolala mgongoni na kupitishwa juu ya paji la uso.

Namna hii ya kubeba ina elimu yake. Uzito wa mzigo hukaa zaidi mgongoni na kwenye nyonga, mwili huinama mbele kidogo, na shingo hufanya kazi ya kuzuia kichwa kisivutwe nyuma, hivyo misuli ya mbele ya shingo na ile ya kisogoni hulazimika kukaza pamoja muda wote wa safari. Wasichana walianza na mizigo midogo tangu utotoni, ili misuli na mifupa izoee hatua kwa hatua, na wanawake waliobeba kwa miaka mingi walikuwa na mfuo wa kudumu kwenye fuvu la kichwa mahali ukanda ulipopita. Pwani na katika nchi ya Wajaluo njia ilikuwa tofauti, kwa kuwa mwanamke wa huko alitandika kata, yaani pete ya kitambaa au majani yaliyosokotwa, juu ya utosi, kisha akaweka mtungi au tenga juu yake, na uzito ukashuka moja kwa moja kupitia pingili za shingo zilizonyooka. Katika njia ya kwanza shingo huvutwa na katika ya pili hukandamizwa, lakini zote mbili hudai kichwa kitulie na mwendo uwe wa kulingana.

Mwaka 1986 mwanafiziolojia Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka Marekani na Ulaya walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo walipokuwa wakitembea na mizigo. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu, na kwamba baadhi yao walibeba hadi asilimia 70 ya uzito wao kwa gharama ndogo kuliko askari wenye mikoba ya mgongoni. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza chanzo cha ajabu hiyo kuwa ni ustadi wa mwendo, kwa sababu mwili wa mbebaji mzoefu hubembea na kuigeuza nguvu ya kushuka kuwa nguvu ya kupanda katika kila hatua bila kupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo.

Matokeo hayo yaliwapa wanawake wa Kabete na wa Nyanza heshima ya kisayansi waliyoistahili, lakini yalisomwa vibaya na wale walioyachukua kuwa ushahidi kwamba kubeba hakumdhuru mbebaji. Kilichopimwa kilikuwa oksijeni inayotumiwa na mwili, na maumivu hayakuwa sehemu ya kipimo hicho. Uchunguzi wa picha za eksirei uliofanywa Ghana na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kuchakaa kwa pingili za shingo kulikuwa kwa kawaida zaidi miongoni mwa watu waliobeba mizigo kichwani kuliko miongoni mwa wasiobeba. Ustadi huokoa nguvu, lakini hauwezi kuufuta uzito wenyewe, na mwanamke aliyepanda mwinuko wa Kabete akiwa na kuni za wiki nzima alilipa kwa shingo yake kile ambacho mapafu yake hayakulipa. Hata hivyo alikuwa na kinga moja ambayo vizazi vilivyofuata vilinyang'anywa: ingawa mila ilimtwika kazi nyingi kuliko mwanamume, yeye ndiye aliyefunga mzigo wake, akakadiria uzito wake, na akaamua mahali pa kuutua ili apumzike.

Misafara na elimu ya pwani

Mwaka 1890 Frederick Lugard alijenga kituo huko Dagoretti kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ngome ya Fort Smith ikajengwa Kabete, mwendo mfupi upande wa magharibi wa bonde la Spring Valley. Vituo hivyo vilikuwa mahali pa kununulia vyakula vya misafara iliyokwenda Uganda kutoka Mombasa, kwa hiyo wapagazi wa pwani waliobeba mizigo kichwani na mabegani walikutana hapo na wanawake wa Kabete walioleta maharagwe, unga na viazi vitamu kwa mukwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban farasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula chake, chungu chake na mkeka wake, na safari ya kutoka pwani ilichukua wiki nyingi kupitia nyika yenye maji machache.

Mpagazi wa msafara hakuchagua mwendo. Kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara, alianza safari alfajiri, na aliyechelewa alihatarisha ujira wake na pengine uhai wake, kwa hiyo shingo iliyokaza haikupewa siku ya kupumzika. Kwa sababu hiyo wapagazi walikuja na maarifa ya tiba kutoka pwani, ambako kuukanda mwili kwa mafuta ya nazi au ya ufuta yaliyopashwa moto kulikuwa elimu iliyopokezanwa na wakandaji, wengi wao wanawake wazee, na ambako kuumika, yaani kuvuta damu kwa chuku ya pembe iliyopachikwa juu ya ngozi, kulitumika kwa maumivu ya mgongo na mabega. Kuukanda msuli uliokaza na kuupasha joto kunakubaliwa na tiba ya kisasa, kwani joto huongeza mtiririko wa damu na huulegeza msuli, na kazi ya mikono humrudishia mgonjwa ujasiri wa kugeuza kichwa. Kuhusu kuumika, ushahidi wa faida yake ni mdogo, na kuchanja kwa chombo kisichosafishwa huleta hatari ya maambukizi.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, safari ya wiki nyingi ikawa ya siku chache, na wapagazi wengi wakatulia katika vijiji vilivyozuka pembezoni mwa mji mpya, vikiwemo Pangani, Mombasa, Masikini, Kaburini na Kileleshwa. Vijiji hivyo vilibomolewa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 na 1930, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Pumwani na mitaa jirani, lakini mazoea ya kukandwa yalibaki katika nyumba za Waislamu wa mji huo na kuenea kwa majirani wa makabila mengine. Hivyo tiba ya kwanza ya shingo inayoweza kufuatiliwa katika Nairobi ilitokana na kazi ya wapagazi, na ililetwa na watu wale wale walioumizwa na mizigo.

Vita na kulazimishwa kubeba

Vita Vikuu vya Kwanza vilirudisha ubebaji wa misafara kwa kiwango ambacho Afrika Mashariki haikuwahi kukiona. Kati ya mwaka 1914 na 1918 majeshi ya Uingereza yaliwafuata wanajeshi wa Kijerumani katika misitu na mabonde ambamo magari hayakupita na ambamo mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba, na kwa hiyo chakula na silaha zilibebwa na wanaume walioandikishwa, kwa hiari au kwa nguvu, katika Kikosi cha Wabebaji, ambacho kilisimamiwa na afisa aliyeitwa Oscar Watkins. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alipewa jukumu la kuongoza uandikishaji mkubwa wa lazima uliofagia vijana wa sehemu nyingi, zikiwemo Kiambu na Kabete. Mtaa wa Kariokor katika Nairobi ulipata jina lake kutokana na kambi ya wabebaji hao.

Kumbukumbu rasmi zilitaja vifo zaidi ya 40,000 miongoni mwa wabebaji wa upande wa Uingereza, na idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Waliokufa waliangushwa hasa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa, na maradhi ya shingo hayakuhesabiwa, kwa kuwa hayaui. Lakini wabebaji waliorejea makwao walirudi na miili iliyobeba kilo 20 hadi 30 siku baada ya siku chini ya amri ya kijeshi, mara nyingi wakiwa na chakula ambacho hawakukizoea, na hawakuwa na kituo cha tiba ya viungo kilichowasubiri. Malipo ya wabebaji wengi waliokufa hayakuzifikia familia zao. Mwaka 1928 serikali ilizindua sanamu tatu za shaba katika barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta Avenue, na mojawapo ni ya mbebaji, aliyesimama pamoja na askari wa King's African Rifles (KAR) na mpiganaji wa kikosi cha Waarabu. Hadi leo sanamu hiyo ni miongoni mwa alama chache sana za hadhara katika mji huo zinazomheshimu mtu kwa kazi ya kubeba.

Kahawa, debe na kipande

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin karibu na Nairobi mwaka 1899, na kahawa waliyoipanda hapo ilistawi vizuri katika udongo mwekundu wa miinuko hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi uwezo wa kuimiliki ardhi hiyo, na katika miongo miwili iliyofuata sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Westlands na Kabete, ikiwemo Spring Valley, ikawa mashamba ya kahawa. Wakikuyu waliopoteza mashamba yao walirudi humo wakiwa vibarua, na hawakuruhusiwa kupanda kahawa kwa faida yao wenyewe mpaka majaribio machache yalipoanza katika wilaya nyingine katika miaka ya 1930.

Uchumaji wa kahawa ulikuwa kazi ya wanawake na watoto zaidi, na ulilipwa kwa debe, yaani bati la mafuta ya taa lenye ujazo wa karibu lita 18, lililojazwa matunda mabivu. Mchumaji huinua uso kuvuta matawi ya juu, huinama kutafuta matunda ya chini, na hurudia hivyo mara maelfu kabla ya jioni, kisha huubeba mzigo wake hadi mahali pa kupimia. Kulipwa kwa debe kulihamisha mamlaka juu ya mwendo kutoka kwa mchumaji hadi kwa mnyapara, kwa kuwa ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba kupumzika kulimaanisha njaa. Kuwalazimisha wasichana na wanawake kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi kulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya chama alichokiongoza mwanasiasa Mkikuyu Harry Thuku kuanzia mwaka 1921.

Lalamiko jingine la chama hicho lilihusu kitu kilichoning'inizwa shingoni. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, yaani cheti cha kazi chenye alama za vidole na maelezo ya waajiri wake, kilichofungiwa katika kibweta cha chuma na kuvaliwa kwa kamba shingoni. Uzito wake ulikuwa mdogo, lakini bila idhini ya mwajiri iliyoandikwa humo mwanamume hakuweza kuiacha kazi, hata kama kazi hiyo ilikuwa ikimlemaza. Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 polisi wakaufyatulia risasi, wakamuua miongoni mwa wengine Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Kipande kilidumu mpaka sheria mpya ya mwaka 1947 iliyoweka utaratibu wa kuwaandikisha watu wa rangi zote. Historia ya shingo katika Nairobi haiwezi kukiacha, kwa sababu ni kipande kilichomnyima mfanyakazi haki ya kuutua mzigo, haki ambayo ni tiba ya kwanza ya shingo iliyokaza.

Wanawake wengine wa Kabete waliiepuka kazi ya mashamba kwa kufanya biashara. Walibeba maharagwe, ndizi, mboga na makaa kwa mukwa hadi masoko ya Nairobi, wengi wao wakishuka kwa njia ambayo leo ni Lower Kabete Road, inayopita Spring Valley kabla ya kuingia Westlands. Safari hiyo ilikuwa ndefu na mizigo ilikuwa mizito, lakini mapato yalikuwa yao, na biashara hiyo ilikuwa chanzo cha uhuru wa kiuchumi wa wanawake wengi wa eneo hilo. Ushahidi wao unazuia hitimisho rahisi kwamba kubeba kulikuwa utumwa mtupu.

Mtaa wa nyumba na kazi za kuinama

Kadiri Nairobi ilivyopanuka, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, kahawa iling'olewa na mahali pake pakajengwa nyumba zenye bustani kubwa, na Spring Valley ikawa mtaa wa maofisa, wafanyabiashara na wanadiplomasia. Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa ubaguzi wa rangi katika umiliki wa nyumba hizo, lakini ulibakisha mpangilio wa kazi, kwani watu wanaozitunza hutoka Kangemi, Kibagare, Deep Sea na vijiji vya Kabete, na wengi wao hufika asubuhi kwa miguu.

Kazi za nyumba hizo zina namna zake za kuumiza shingo. Mama fua, yaani mwanamke anayefua nguo kwa kutwa katika nyumba mbalimbali, huinamia beseni kwa saa nyingi na kukamua mablanketi yaliyolowa, na kazi hiyo hukaza misuli ya mabega na kisogo kwa namna ambayo usiku mmoja wa usingizi hautoshi kuilegeza. Yaya humbeba mtoto upande mmoja wa nyonga huku akipika kwa mkono mwingine, na mwili wake huelemea upande ule ule kila siku. Bawabu wa usiku husinzia akiwa ameketi, kichwa kikiangukia bega moja, na ndiye anayeamka na shingo iliyopinda kwa maana kamili ya maneno hayo. Katika nyumba zile zile na katika ofisi za Westlands, mwenye nyumba naye hukaa mbele ya kompyuta kwa siku nzima akiwa amesukuma kidevu mbele, na maumivu yake hayatofautiani na ya yaya kwa msuli unaohusika. Tofauti iko katika uwezo wa kusimama, kwani mmoja anaweza kuinuka atakapo, na mwingine huogopa kupoteza ujira wa siku.

Tiba na upatikanaji wake

Tiba ya viungo kwa njia ya mazoezi na mikono, inayoitwa fiziotherapia, ilianza kupata umbo la taaluma mwaka 1894 pale wauguzi wanne wa London walipoanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa. Nchini Kenya mafunzo ya wahudumu wa afya yalianza mwaka 1927 katika taasisi ambayo baadaye ikawa Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho hadi leo hufundisha fiziotherapia katika kampasi yake iliyo karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya Waafrika, wakati ambapo Wazungu na Waasia walitengewa mahali pao pa kutibiwa, na mgawanyiko huo ulimaanisha kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mtu aliyebeba zaidi alikuwa mbali zaidi na mtaalamu wa viungo. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wanafiziotherapia mwaka 2014, ambayo iliunda baraza la kuwasajili wataalamu hao na kumlinda mgonjwa dhidi ya wasio na mafunzo.

Ulinzi huo una maana kubwa katika mji ambamo kinyozi, baada ya kunyoa, humkanda mteja kichwa na mabega na pengine humalizia kwa kuigeuza shingo ghafla mpaka ilie. Kukanda kwa upole hakuna ubaya, lakini kuipinda shingo kwa nguvu na kwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili kwenda kwenye ubongo na kusababisha kiharusi, hata kwa kijana mwenye afya. Mapendekezo ya wataalamu kwa shingo iliyokaza bila sababu nyingine ni rahisi kuliko yanavyodhaniwa: kuipasha joto, kumeza dawa ya kawaida ya maumivu kwa siku chache pale inapofaa, kulalia mto usioinua kichwa kupita kiasi, na kuendelea kuigeuza shingo taratibu hadi pale maumivu yanapoanzia, kwa kuwa shingo inayoachwa bila kusogezwa kwa muda mrefu huchelewa kupona. Mgonjwa anapaswa kwenda hospitali bila kukawia iwapo ana homa, iwapo aliumia katika ajali, iwapo mkono au mguu umekufa ganzi au umelegea, au iwapo shingo ilipinda baada ya kuanza dawa mpya. Kwa wenye distonia ya kudumu, sindano za sumu ya botulinamu, ambazo hulegeza msuli kwa miezi michache na ambazo zilipata idhini ya matumizi ya kwanza ya tiba Marekani mwaka 1989 kwa maradhi ya macho kabla ya kuidhinishwa kwa shingo, zimekuwa tiba kuu, ingawa bei yake ni kubwa kwa familia nyingi za Kenya.

Sheria ya uzito

Hatua iliyoigusa shingo ya mbebaji wa Nairobi kwa karibu zaidi katika miaka ya hivi karibuni ilitoka katika sheria za kilimo. Kwa miongo mingi viazi vililetwa katika soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, vikiwa katika lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kipande cha wavu juu ili libebe zaidi ya kilo 100, na hamali wa soko hilo alilipandisha gunia zima mgongoni na kuliegemeza kwenye kisogo chake. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia moja. Kikomo hicho kinakaribiana na pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, lililoweka kilo 55 kuwa uzito wa juu kabisa wa kubebwa na mwanamume mzima. Lengo kuu la kanuni lilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya kupunjwa na madalali, lakini zikitekelezwa ipasavyo zinamlinda pia hamali, na wafanyabiashara wanaoendelea kukwepa kikomo hicho wanamdhulumu mkulima na mbebaji kwa wakati mmoja.

Miaka zaidi ya 130 tangu Fort Smith ijengwe inatoa funzo linalofaa kuzingatiwa na madaktari, waajiri na watunga sheria kwa pamoja. Mukwa, kata na mazoezi ya tangu utotoni vilikuwa teknolojia za hali ya juu, na mafuta ya mkandaji yalikuwa tiba yenye manufaa ya kweli, lakini hakuna ustadi wala tiba iliyotosha pale ambapo msafara, jeshi, shamba au soko lilimwondolea mbebaji uwezo wa kusema kwamba mzigo umezidi. Mtaalamu anayemtibu mama fua kutoka Kangemi bila kumuuliza anafua nguo za nyumba ngapi kwa siku atamwona tena baada ya wiki chache akiwa na maumivu yale yale. Mwajiri wa Spring Valley anayemnunulia mfanyakazi wake meza ya kufulia iliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno, anayempa bawabu mahali pa kulaza kichwa na zamu isiyozidi nguvu zake, na anayemruhusu yaya kupumzika bila kukatwa ujira, anafanya kazi ya tiba yenye thamani sawa na ile ya hospitali. Shingo za watu wa miinuko hii zimebeba vya kutosha, na jamii inayofaidika na kazi yao ina wajibu wa kuwarudishia haki ya kupima mzigo wao wenyewe na kuutua unapowaelemea.